Wajane wa regimenti ya mizinga

Tukisikia habari za vita tunauliza upesi: nani alishinda, na watu wangapi walikufa? Ni mara chache tunauliza swali la tatu: wale waliokufa waliacha nani nyumbani, na nani aliwatunza? Mwezi huu tunawaletea habari ya regimenti moja ya mizinga katika vita ya Marekani iliyoanza 1861 na kumalizika 1865. Askari wake walikuwa watu weusi, wengi wao watumwa wa jana. Pigano lao linalojulikana sana lilikuwa la siku moja tu. Lakini bibi zao walikuwa na pigano lingine, lisilo na baruti, nalo liliendelea miaka. Walipashwa kujibu neno moja: unaonyesha nini ya kuwa huyu marehemu alikuwa bwana yako?

WATUMWA WANAKUWA ASKARI

Mwaka 1860 kulikuwa watumwa karibu milioni 4 katika Marekani, wengi wao katika majimbo ya Kusini. Walilima pamba na tumbako, na sheria iliwahesabu kuwa mali ya mwenye shamba, sawa vile ng'ombe. Abraham Lincoln alipochaguliwa kuwa prezida, majimbo ya Kusini yakaanza kujitenga moja moja, mpaka yakafika 11. Majimbo yaliyobaki pamoja yaliitwa Muungano. Ndivyo vita iliwaka, mwezi wa 4 1861.

Mwanzoni watu weusi hawakupokewa kuwa askari. Lakini tarehe 1 mwezi wa 1 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wa sehemu zote zilizoasi ni huru, na kwamba wanaume wao wanaweza kuingia jeshini. Mpaka mwisho wa vita, watu weusi karibu 180 000 walivaa nguo za buluu za Muungano.

Regimenti yetu ilizaliwa mwezi wa 6 1863. Watu wake waliandikwa katika miji ya Memphis, La Grange na Lafayette, jimbo la Tennessee, na Corinth, jimbo la Mississippi. Miji ile ilikuwa mikononi mwa Muungano. Watumwa walikimbia mashamba, mwanaume na bibi yake na watoto wao, wakaja kukaa karibu na kambi za askari. Wanaume wakaandikwa. Bibi na watoto wakabaki palepale kambini, wakifua nguo, wakipika, wakingoja. Jina la kwanza la regimenti lilikuwa la jimbo la Alabama. Mwezi wa 3 1864 ikapewa jina jipya: Regimenti ya 6 ya Mizinga Mizito ya Watu Weusi wa Marekani. Maofisa wake walikuwa wazungu.

Kazi ya mzinga si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anasafisha tumbo la mzinga kwa kitambaa chenye maji, ili cheche isibaki ndani. Mwingine analeta mfuko wa baruti na risasi yake kubwa. Kisha vyote vinasukumwa mpaka chini kwa mti mrefu. Wakati huo mwenzake anafunga tundu la nyuma kwa kidole, hewa isiingie. Wa mwisho anavuta kamba. Kama mmoja akisahau kazi yake, baruti inalipuka mapema na kukata mikono ya wenzake. Ninyi mnaotumika na baruti chini ya udongo mnafahamu vizuri kuliko mimi: pale hakuna mkubwa wala mdogo, kila mmoja anashika maisha ya mwenzake.

Watu ambao jana walikatazwa hata kusoma, leo walijifunza kazi hiyo ya akili na ya nguvu. Lakini mshahara haukuwa sawa. Askari wa chini mzungu alipata dola 13 kwa mwezi. Mweusi alihesabiwa dola 10, na 3 zikakatwa juu ya nguo, zikabaki 7. Ni katika mwezi wa 6 1864 tu ndipo bunge liliamua kuwalipa sawa.

Tena kulikuwa jambo zito kuliko mshahara. Mwezi wa 5 1863 bunge la Kusini lilikata shauri kwamba askari mweusi akikamatwa hatahesabiwa kuwa mfungwa wa vita. Atatolewa kwa wakubwa wa jimbo, wamfanye wapendavyo. Na ofisa mzungu anayeongoza watu weusi anaweza kuhukumiwa kufa. Basi mtu wa regimenti hii alijua kwamba siku ya kushindwa, kuinua mikono kunaweza kusimwokoe.

ILE SIKU YA TAREHE 12

Mwisho wa mwezi wa 3 1864, Meja Lionel Booth alipata amri ya kutoka Memphis na batayoni moja ya regimenti, kwenda kulinda ngome iliyoitwa Fort Pillow. Ngome hiyo iko kilometa karibu 65 upande wa kaskazini wa Memphis, juu ya ukingo mrefu wa mto Mississippi. Watu wa Kusini ndio waliijenga katika 1861, wakaiacha 1862, na Muungano ukaingia. Ilikuwa na ukuta mnene wa udongo wenye umbo la nusu ya duara, na mtaro mbele yake. Upande wa nyuma hapakuwa ukuta: palikuwa mteremko mkali na mto.

Ndani ya ngome walikuwa askari karibu 600. Karibu nusu walikuwa weusi, watu wa mizinga. Nusu nyingine walikuwa wazungu wa palepale Tennessee waliokataa kufuata Kusini, wakiongozwa na Meja William Bradford. Walikuwa na mizinga 6.

Tarehe 12 mwezi wa 4, mapema asubuhi, askari wa Kusini zaidi ya 1500 wakaizunguka ngome. Mkubwa wao alikuwa Jenerali Nathan Bedford Forrest, mtu aliyepata utajiri mbele ya vita kwa kuuza watumwa katika Memphis. Muungano ulikuwa na mashua moja ya vita mtoni, jina lake New Era. Akina mama na watoto walitiwa katika mashua pana ya kubebea makaa, New Era ikaivuta mpaka upande wa juu wa mto.

Kama saa tatu ya asubuhi risasi moja ilimpiga Meja Booth kifuani, akafa palepale. Bradford akashika uongozi. Mizinga iliendelea kupiga, lakini mambo mawili yaliisumbua. La kwanza: vilima vya karibu vilikuwa virefu, na wapiga bunduki wa Kusini waliona kila mtu aliyeinua kichwa. La pili: ukuta ulikuwa mnene sana, mizinga haikuweza kuinamishwa chini. Adui akifika karibu na mtaro, risasi zilipita juu ya kichwa chake bila kumgusa.

Kama saa tisa na nusu Forrest alituma watu wenye bendera nyeupe: jitoeni. Bradford aliomba saa moja ya kuwaza. Forrest akampa dakika 20. Bradford akakataa kujitoa. Tarumbeta ikalia, na watu wa Kusini wakaruka mtaro, wakapandana mabegani, wakaingia. Askari wa ngome wakateremka mbio kuelekea mtoni. Walikuwa wamepatana na New Era iwasaidie kutoka majini kama wakifukuzwa ngomeni, lakini mashua haikuwasaidia, ikaenda zake.

Yaliyofuata ndiyo yaliyofanya jina la Fort Pillow lijulikane. Watu wengi walitupa bunduki na kuinua mikono, wakauawa vilevile. Wengine waliuawa ndani ya maji. Hesabu inasema yenyewe: karibu watu 300 wa ngome walikufa, na upande wa Forrest walikufa 14. Katika askari wazungu wa ngome, alikufa karibu mmoja kati ya watatu. Katika askari weusi, walikufa karibu wawili kati ya watatu. Waliochukuliwa wafungwa ni wazungu 168 na weusi 58. Watu wa Forrest walikana miaka mingi, wakasema yalikuwa mapigano ya kawaida. Lakini wengi wa wenye kuchunguza historia leo wanakubali kwamba yalikuwa mauaji ya watu waliokwisha kushindwa.

Bunge la Muungano lilituma watu wawili, Benjamin Wade na Daniel Gooch, kwenda kuwauliza majeruhi hospitalini na kuandika ushuhuda wao. Tarehe 18 mwezi wa 4 Lincoln alizungumza habari hii mbele ya watu katika mji wa Baltimore. Wengi walitaka wafungwa wa Kusini wauawe kwa kulipiza kisasi. Mwishowe kisasi hicho hakikufanyika. Jenerali Grant, mkubwa wa majeshi, alikata neno lingine: katika kubadilishana wafungwa, mweusi na mzungu wahesabiwe sawa, kama sivyo hakuna kubadilishana.

BIBI YA MEJA ANAKWENDA KWA PREZIDA

Sasa tunafika kwa neno ambalo vitabu vingi vya vita vinaliruka.

Meja Booth aliacha mjane, jina lake Mary Elizabeth. Yeye alikuwa mzungu, mwenye ndoa iliyoandikwa, na sheria ya 1862 ilimpa haki ya kupata feza za wajane kila mwezi. Angeweza kuchukua zake na kunyamaza. Hakufanya vile. Tarehe 19 mwezi wa 5 1864, majuma matano tu nyuma ya kifo cha bwana yake, alikuwa Washington mbele ya Prezida Lincoln. Alimweleza hivi: wajane wa wale watu weusi waliokufa pamoja na bwana yangu hawatapata kitu, kwa sababu mbele ya sheria wao si wajane.

Juu ya nini si wajane? Kwa sababu sheria za majimbo ya watumwa hazikukubali ndoa ya mtumwa. Mtu asiyekuwa na mwili wake mwenyewe, sheria ilisema, hawezi kufanya mapatano. Watumwa walioana kwa namna yao. Wengine waliruka ufagio mbele ya rafiki, wengine waliombewa na muhubiri. Lakini siku yoyote mwenye shamba aliweza kumuuza bwana huku na bibi kule, na hakuna baraza la kusikiliza kilio chao. Wahubiri wengine wa kizungu waliobariki ndoa hizo hawakuthubutu hata kutamka kwamba kifo tu kitawatenga. Walijua kwamba bei ya mnadani inaweza kuwatenga mbele ya kifo.

Basi angalieni huyu mama. Bwana yake alikuwa mtumwa, akawa huru, akawa askari wa serikali, akafa juu ya serikali. Amezaa naye watoto. Jirani wote wanamjua. Na serikali ileile inamwambia: karatasi ya ndoa iko wapi? Karatasi ambayo sheria ilimkataza kuwa nayo!

Lincoln alifahamu. Siku ileile aliandika barua fupi kwa Charles Sumner, mkubwa mmoja wa Seneti, akimtuma Bi Booth kwake. Aliomba wafikiri habari hii: wajane na watoto wa kweli wa askari weusi wawekwe katika sheria sawasawa kana kwamba ndoa zao zilikuwa halali, ili wapate malipo yaleyale ya wajane na yatima wa askari wazungu.

Tena magazeti ya mwaka ule yalieleza namna Bi Booth alivyokwenda Memphis akawapa watu wa regimenti waliopona bendera iliyopatikana Fort Pillow, yenye damu.

MASHAHIDI BADALA YA KARATASI

Mwezi wa 7 1864 bunge lilipitisha sheria mpya. Ilisema kwamba mjane wa askari mweusi hataombwa karatasi ya ndoa. Itatosha mashahidi waaminifu waape kwamba wale wawili walitambuana kuwa bwana na bibi, na wakakaa pamoja vile si chini ya miaka miwili. Ni jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza serikali ya Marekani yote ilikubali kwamba nyumba ya mtumwa ilikuwa nyumba.

Lakini sheria hiyo ilikuwa bado na matundu. Ilitaka mjane na watoto wawe watu huru, na katika majimbo kama Kentucky, ambayo hayakuasi, utumwa ulikuwa bado. Mwanaume alikufa akiwa askari, na bibi yake akabaki mtumwa. Tundu hilo lilizibwa tarehe 3 mwezi wa 3 1865, wakati bunge lilipowafungua bibi na watoto wa askari wote weusi. Tena ile miaka miwili iliwaangusha wengi waliooana karibu na vita. Mwezi wa 6 1866 sheria ikatengenezwa tena: itoshe kuonyesha kwamba walioana kwa namna ambayo wao wenyewe waliihesabu kuwa kifungo cha kweli.

Feza zenyewe zilikuwa dola 8 kwa mwezi kwa mjane wa askari wa chini. Ni kidogo, lakini kwa mama anayefua nguo za watu ni tofauti ya kula na kulala njaa. Na kuzipata haikuwa rahisi. Mjane alikwenda mbele ya wakubwa na mashahidi: mtu aliyekuwa mtumwa pamoja nao katika shamba lile, mama mzee aliyepokea mtoto siku ya kuzaliwa, askari mwenzake aliyemwona marehemu akianguka. Wengi hawakujua tarehe. Walisema: ilikuwa wakati wa kuvuna pamba, mwaka ule mwenye shamba alikufa. Wengi hawakujua kuandika, wakatia alama ya msalaba mahali pa jina. Karatasi hizo zinatunzwa mpaka leo katika nyumba ya kumbukumbu ya serikali, Washington, na wajukuu wanazisoma kutafuta majina ya babu zao.

Wachungaji pia walikuwa na sehemu yao. Kutoka 1864, katika bonde la Mississippi, jeshi liliwapa wahubiri ruhusa ya kuwaoza watu waliotoka utumwani na kuwaandika katika daftari. Katika Vicksburg na Natchez watu walikuja kwa wingi, si vijana tu, hata wazee waliokaa pamoja miaka 20 au 30. Kila mmoja aliulizwa: uliishi na mwingine mbele ya huyu? Miaka mingapi? Ni nini kiliwatenga? Katika nafasi ile ya mwisho makarani waliandika kifo, na mara nyingi waliandika neno lingine: aliuzwa. Ukisoma daftari kama hilo hauhitaji mtu akueleze utumwa ulikuwa nini.

Na regimenti yenyewe? Nyuma ya Fort Pillow ilipewa namba 7. Mwezi wa 1 1865 ikageuzwa kuwa regimenti ya 11 ya askari wa miguu. Ilibaki kulinda Memphis, na tarehe 12 mwezi wa 1 1866 watu wake walifunguliwa kwenda nyumbani. Wafu wa Fort Pillow walihamishwa mpaka makaburi ya askari ya Memphis. Juu ya makaburi mengi hakuna jina, ni namba tu. Ndiyo sababu karatasi za wajane zina maana kubwa: mara nyingi ndani yake tu tunasoma kwamba mtu huyu alikuwa na jina, na bibi, na watoto.

NENO KWA NYUMBA ZETU

Meja Booth alijua kazi ya mizinga, lakini mizinga yake haikumlinda mtu mpaka jioni ya siku ile. Kazi ya bibi yake ilidumu zaidi. Yeye hakuwa na cheo wala silaha. Alifikiri tu habari za akina mama wengine waliolia kama yeye, akakubali kusema mahali ambapo wao wasingesikiwa.

Nani kati yetu hajaona mjane, matanga hayajaisha, anaulizwa karatasi na ofisi, huku ndugu za marehemu wanabeba viti na matandiko? Wale mama wa Memphis walikatazwa kuwa na karatasi. Sisi hatukukatazwa. Katika inchi yetu Sheria ya Jamaa ya 1987 inaagiza kwamba hata ndoa ya kimila iandikishwe kwa serikali. Baba, ukirudi kazini juma hili, uliza nyumbani: ndoa yetu imeandikwa wapi? Vizazi vya watoto vimeandikwa? Karatasi zinakaa wapi, na mama anajua mahali? Kama jibu halipo, nendeni wawili pamoja na mashahidi wenu, wakati mashahidi hao wangali hai na wewe ungali unaweza kusema kwa kinywa chako mwenyewe: huyu ni bibi yangu.